Figo Haziumi

Figo haziumi. Nimelisema neno hilo kwenye kliniki ya presha na sukari hapa Babati mpaka likanichosha mdomo, na hata wiki hii, nikiwa mstaafu kamili, nimekutana na baba mmoja sokoni amejishika kiuno. "Shikamoo sista. Figo zangu zinanisumbua kweli." Nikaitikia marahaba, nikamwambia hicho ni kiuno, umeinama shambani siku nzima, nenda kapumzike. Akacheka, akaniaga. Najua alikokwenda. Alikwenda duka la dawa kununua vidonge vya maumivu, vilevile ambavyo mtu akivimeza kila siku vinaziua figo kimyakimya. Nimestaafu, jamani. Sikumfuata.

Wadogo zangu mliobaki kliniki, mmeniomba niandike ya kazini. Ya kupandishwa cheo na ya mshahara mtayauliza kwa wengine, mimi hayanisisimui. Nitaandika kazi yenyewe, na sehemu kubwa itakuwa ya nyumba moja ya wakulima wa Singe, kwa sababu ndiyo iliyonichosha kuliko zote na ndiyo iliyonifundisha swali ambalo nataka muwe mnaliuliza. Msitarajie maneno ya kutia moyo. Siku hizi sina mengi ya aina hiyo.

Nilianza kazi nikiwa msichana mwembamba kutoka upande wa Dareda, mtoto wa wakulima wa mahindi na maharage, na viatu vyeupe vilivyonibana vidole. Nikakabidhiwa kwa Sista Filomena. Alikuwa mama mnene, mwenye mwendo wa taratibu, asiyependa maswali kabla ya chai. Siku hiyo ya kwanza alinipa mashine ya presha, ile ya zamani yenye zebaki, akaniambia nimpime mzee aliyekuwa ameingia mlangoni muda huohuo anahema. Nikaifunga ile kamba mkononi, juu ya sweta yake, nikaanza kupuliza kwa bidii zote za chuoni.

"Ametoka wapi huyu?" akaniuliza.

"Nakwa, sista. Ametembea."

"Basi umepima ile njia ya Nakwa, yeye hujampima. Na sweta pia umeipima. Mkalishe. Miguu chini, mgongo aegemee, asiongee. Na wewe usiongee."

Tukakaa kimya wote watatu kama tuko kwenye ibada. Baadaye presha ya yule mzee ikasoma vizuri kabisa, akarudi kwake bila dawa asiyoihitaji. Mashine zenu za betri ni nzuri, zinasoma zenyewe, hazimwagi zebaki sakafuni. Lakini nawaona mnavyomfunga mtu juu ya sweta ya baridi ya Julai. Sista Filomena amelala makaburini siku nyingi sasa, ila mkifanya hivyo mimi nasikia anaguna.

Jambo la pili alilonifundisha ni kijiti cha mkojo. Mtu wa presha au wa sukari, hata kama anacheka na kula vizuri, mwombe mkojo. Unachovya kile kijiti, unasubiri, unalinganisha rangi na zile za kwenye kopo lake. Kikibadilika kuwa cha kijani, protini inavuja, na figo zimeanza kuchoka wakati mwenyewe hana habari. Wagonjwa walikuwa hawapendi. Wanaume hasa. Unampa kikopo anakuangalia kana kwamba umemtukana mama yake.

Ugonjwa wenyewe nimeuelezea kwa chujio la chai, maana kila nyumba inalo. Figo ni chujio. Damu inapita, uchafu unatoka na mkojo, vizuri vinabaki. Presha ikiwa juu miaka na miaka, ni kama unamwaga chai kwa nguvu mno kila siku, zile nyavu zinachoka, zinatoboka, nyingine zinaziba. Na chujio likichoka halipigi kelele. Ukiacha mawe ya figo au maambukizi, figo zinakufa bila kumwambia mwenyewe hata neno moja, na zikishakufa hakuna kidonge cha kuzifufua. Tunachoweza ni kuzipunguzia mwendo wa kufa. Presha ishuke na ibaki chini, sukari ishuke, chumvi ipungue, vidonge vya maumivu viachwe.

Hapo ndipo kazi inapoanza kuchosha. Unamwambia mtu chumvi, anakubali, halafu anakwenda kupika makande na magadi, kwa sababu magadi kwake siyo chumvi, ni magadi. "Sista, maharage bila magadi yataiva lini?" Walau wafanyabiashara wa mjini, wale Waislamu wa madukani, walikuwa wanakuja kabla ya Ramadhani kuuliza kama wafunge au wasifunge, tunakaa tunapanga vidonge vya daku na vya futari. Hao niliwapenda. Waliobaki wanakuja siku ambayo wamevimba uso.

Sasa Singe.

Mama Pendo hakuja kwa ajili yake. Alimsindikiza jirani. Nikampima kwa sababu alikaa kwenye benchi na mimi nina tabia ya kumpima kila anayekaa kwenye benchi. Presha ilikuwa juu. Nikarudia, Filomena kabisa, miguu chini, kimya. Juu. Mkojo, kijiti kikawa kijani. Alikuwa mama wa makamo, mwenye mikono ya jembe na meno yaliyotiwa kahawia na maji yetu ya huku, anacheka kila mara. Hakuwa anaumwa popote.

"Sasa sista, mbona mimi mzima?"

"Ndiyo ugonjwa wenyewe ulivyo, mama. Utakuwa mzima mpaka siku ambayo huwezi tena kuwa mzima."

Damu ikapimwa. Figo zake zilikuwa zimeshapoteza kiasi, siyo kingi. Daktari wetu, kijana mpole aliyekuwa ametoka chuo si zamani, akamwandikia vidonge vya presha na kuniambia pembeni, "Sista, huyu tumemuwahi." Ninyi mnajua neno hilo lilivyo adimu kwetu. Kumuwahi mtu wa figo ni kama kuokota shilingi barabarani. Nikamweka moyoni. Nikasema huyu mmoja hatafika kwenye mashine ya kusafisha damu, wallahi, ingawa mimi Mkatoliki.

Mama Pendo akawa mgonjwa bora kuliko wote. Siku yake ya kliniki hakosi. Vidonge vimekwisha siku ileile vinapotakiwa kwisha. Dawa za maumivu aliacha, magadi aliacha, akaniambia maharage anayaloweka tangu jana yake. Na presha haishuki. Daktari akaongeza dozi. Haishuki. Akaongeza dawa ya aina nyingine. Ikashuka kidogo, ikarudi. Tukipima damu, figo zimeteremka tena kidogo.

"Mama Pendo, unameza kweli?"

"Nameza, sista. Kila siku baada ya chakula. Mungu anaona."

Nilimwamini, na nilikuwa sahihi kumwamini. Hakuwa anadanganya.

Baada ya mavuno nilikwenda Singe kununua gunia langu la maharage, kama ninavyofanya kila mwaka, na mwaka ule nikasema nichukue kwake. Alifurahi mpaka akachanganyikiwa. Ununuzi wa maharage kwa mtu wa kwetu hauishii mlangoni, lazima ule. Tukakaa mimi, yeye na mume wake, Baba Pendo, mwanamume mrefu asiye na maneno mengi, anayejulikana Singe nzima kwa kufyeka na kulima peke yake eneo la watu watatu. Tukala ugali na mlenda na samaki wa ziwani. Tulipomaliza, Mama Pendo akanawa mikono, akaleta kopo lake la dawa nililompa mwenyewe, akajimiminia kidonge kimoja kiganjani. Halafu akamimina kingine, akamwekea mume wake kwenye kiganja. Akatoa na vile vya aina ya pili, kimoja huku, kimoja kule. Wakameza kwa maji ya jagi moja.

Hakuna aliyejificha. Nadhani ningekaa sekunde mbili zaidi ningekaribishwa na mimi.

"Mama Pendo," nikasema. "Hizo ni dawa zako."

"Ndiyo, sista."

"Mbona na yeye anameza?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anampa mgeni maji. "Na yeye kichwa kinamsumbua tangu zamani, kama mimi tu. Kliniki hataki kuja. Sasa nimeze mwenyewe huku namwangalia? Nilikuwa nameza kimoja asubuhi na kimoja jioni kama mlivyosema, nikaona basi, cha jioni kiwe chake."

Jamani. Miaka yote chuoni na kazini, hakuna kitabu kilichonitayarisha kwa hilo. Tunawafundisha wasikose siku, wasiache wakijisikia nafuu, wasimeze na mitishamba. Hatukuwahi kuwaambia wasigawane, kwa sababu sisi tunaona ni dawa. Kwake ilikuwa kitu kizuri kilichoingia ndani ya nyumba, na kitu kizuri kikiingia ndani ya nyumba hakiliwi na mtu mmoja pembeni. Daktari akiongeza dozi, na Baba Pendo anaongezewa. Nyumba nzima ilikuwa inatibiwa nusunusu.

Ndiyo maana nawaambia, wadogo zangu, hili ndilo swali: "Dawa hii unameza na nani?" Msiulize kwa ukali. Ulizeni kama mnauliza habari za nyumbani. Baada ya siku ile nilianza kuliuliza, na majibu niliyopata acha tu. Dada na dada. Mama mkwe na mkamwana. Wazee wawili wa Maisaka waliokuwa wanapokezana, huyu anameza wiki hii, mwenzake wiki ijayo.

Nikamgeukia Baba Pendo nikamwambia aje kliniki apimwe, naye apate dawa zake.

"Mimi siumwi," akasema.

"Kichwa?"

"Kichwa ni jua."

"Basi njoo upimwe jua."

Akatabasamu kidogo tu. "Sista, pale kwenu foleni ni ya akina mama watupu. Nikae na mimi katikati ya vitenge?" Na akainuka kwenda kunifungia gunia.

Aliyemleta ni mke wake. Alimwambia, "Basi na mimi simezi tena. Tukae hivyo hivyo wote." Na kweli hakumeza. Wiki iliyofuata wakaja, mwanamume amenuna, amevaa koti zuri la kanisani, akakaa katikati ya vitenge. Nilimpima mkono wa kulia, nikapima wa kushoto, nikarudia wa kulia. Sikutaka kuamini. Mkojo, kijiti kilibadilika kabla sijakitoa vizuri kwenye kikopo. Majibu ya damu, mtu wa maabara hakuyatuma, aliyaleta mwenyewe kwa miguu yake, na mnajua maana yake akija mwenyewe.

Figo za Baba Pendo zilikuwa zimekwisha. Yule aliyekuwa analima eneo la watu watatu.

Daktari alinitazama, nikajua kazi ya kusema ni yangu, kwa kuwa nimekula kwao. Nikawaingiza chumba kidogo nikawaeleza. Chujio, presha, miaka mingi bila dalili. Na vidonge vya mgongo. Hapo Baba Pendo akainua macho. Alikuwa anavimeza kila msimu wa palizi, tangu ujana, kwa sababu figo zilikuwa zinamuuma.

"Lakini nakojoa vizuri," akasema.

"Maji yanatoka, baba. Uchafu unabaki ndani."

"Mnaweza kuzitengeneza?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hapana, baba. Kuna mashine ya kusafisha damu. Ni Arusha. Mara tatu kwa wiki, na ni ya siku zote."

Akafikiri. Akauliza kitu ambacho kila mkulima angeuliza. "Sasa nitalima lini?"

Nilimwambia tutaona, neno la kivivu kuliko yote tunayotumia.

Siku chache baadaye Mama Pendo alikuja peke yake. Akasubiri foleni iishe, mpaka nimeanza kufunga madirisha. Nikamwambia akae. Akakaa, akajifunga kitenge vizuri, akasema alichokuwa amekifanyia mazoezi njiani, naona.

"Sista, shemeji yangu wa Arusha ameniambia mtu anaweza kumpa mwenzake figo moja, na wote wawili wakaishi. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi mimi nimekuja kwa hilo. Nimpe moja. Nikate mnapotaka, siogopi."

Nimewaambia watu wengi habari mbaya. Nimewaambia wazazi. Nimemwambia dada yangu mwenyewe. Lakini pale nilikaa nimeshika ufunguo wa mlango.

"Mama Pendo, huwezi. Zako na zenyewe zimeshachoka. Ukitoa moja, iliyobaki haitaweza."

Hakulia. Akawa anapitisha mambo kichwani taratibu, na mimi nikawa namwona anakokwenda, nikatamani mtu aingie, simu iite, chochote. Hakuna aliyeingia.

"Sista. Kama ningekuwa nameza zote mwenyewe, ningekuwa nayo ya kumpa?"

Mnataka kujua nilijibu nini. Nilimwambia sijui, na ndio ukweli, sijui. Nilimwambia figo zake zilikuwa zimeanza kuchoka kabla hatujaonana, kwamba hata mwenye afya kabisa angeweza kupimwa akaonekana hafai kutoa. Nilimwambia na hivyo vidonge alivyompa havikumdhuru mume wake, labda vilimsogeza mbele kidogo. Yote hayo ni kweli. Akatikisa kichwa kwa adabu, akaniambia asante sista, akaenda. Yale yangu yote hayakumfikia hata moja. Lilimfikia lile nisilolisema.

Baba Pendo alikwenda Arusha, akakaa kwa ndugu yake, akawekwa kwenye mashine. Gharama zake sizungumzii, mnazijua. Alisafishwa mpaka uvimbe ukaisha, rangi ikarudi, na mvua za kwanza ziliponyesha akapanda basi akarudi nyumbani. Nilikwenda Singe kumgombeza. Nilimkuta shambani amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamwonyesha mkewe wapi pa kuanzia mstari.

"Baba, ukikaa huku utakufa."

"Najua, sista. Umenieleza vizuri sana. Kule nilikuwa nalala kitandani nangoja siku ya mashine, halafu nalala tena. Sikuwa naishi na mtu yeyote." Akamwangalia mke wake aliyekuwa ameinama. "Usinigombeze. Nimechoka."

Na mimi nilikuwa nimechoka, wadogo zangu. Nikavuta ndoo nyingine nikakaa. Sikumgombeza. Tulimpa dawa za kupunguza kichefuchefu na kuwashwa, nikawa napita kila nilipoweza, na mahindi yalipofika magotini akafa nyumbani kwake, mchana, mke wake yupo.

Hivyo ndivyo ugonjwa huu unavyotutenda. Malaria unaishika, unaipiga, inakwenda. Mama anajifungua, unasikia mtoto analia, unakwenda kunywa chai. Wa figo unakaa naye miaka, unajifunza majina ya watoto wake, na kazi yako yote ni kuchelewesha. Ukifanya vizuri kabisa, hakuna kinachotokea. Hakuna anayekuja kukushukuru kwa mashine ambayo hakuwekwa. Nilikuwa nikirudi nyumbani jioni navua viatu mlangoni nakaa hapohapo kwenye ngazi, siwezi hata kusema nimechokea nini. Mtakuja kuchoka hivyo na ninyi. Msidhani mmekosea kazi.

Mwezi wangu wa mwisho nilipanga nimalize kimyakimya, bila keki na bila hotuba, na keki mkaileta hivyo hivyo. Siku hiyo ya keki Mama Pendo alikuwa kwenye benchi. Tangu msiba alikuwa amekonda, lakini siku yake ya kliniki hakuwahi kukosa. Akanisalimia, akakaa, miguu chini, mgongo ameegemea. Wote tukanyamaza. Nikafunga ile kamba kwenye mkono wake mtupu, nikapima. Nikapima tena, maana nilidhani mashine ina kasoro. Nikaenda mkono wa pili.

Presha ilikuwa nzuri. Miaka yote niliyompima haikuwahi kusoma vile. Daktari akaja akatazama, akafurahi, akasema dawa sasa zimefanya kazi, hongera mama, endelea hivyo hivyo.

Mama Pendo akasubiri daktari aondoke. Akashusha mkono wa blauzi.

"Siku hizi nameza zote, sista," akasema.